Unga wa Kole

Jumatatu, 4 mwezi wa tatu 2002

Presi ya kukandamiza mbao ilichelewa kupata moto. Kuni mbichi. Mpaka saa nne mshale wa joto ulikuwa bado chini. Tripleksi ya kwanza, ubao wa tabaka tatu, ilitoka saa tano, ikaanza kuachana pembeni kabla haijapoa. Nimeirudisha mezani. Kole, gundi yetu, ni nyepesi mno.

Zamani poda ya kole ilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi. Treni haijafika kwa miaka. Tuliyo nayo ni ile iliyobaki ghalani tu. Patroni wa kiwanda anataka tuirefushe kwa unga wa muhogo. Unga tumekuwa tukitia siku zote, lakini kidogo, ili kole iwe nzito isinywewe na mti. Sasa ni nusu kwa nusu. Nachanganya chakula na sumu, nakipaka kwenye mbao, nakifunga kwenye presi. Njo kazi yangu.

Nyumbani sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, bila bugali. Wapiganaji wa porini wamefunga barabara zote. Anayekwenda shamba harudi, au hurudi mikono mitupu.


Jumanne, 5 mwezi wa tatu

Askari wanaoushika muji wameleta unga. Umekuja kwa ndege yao. Komanda wao anataka dari za tripleksi katika nyumba wanazokaa wakubwa wake. Kwa hiyo kiwanda kina mazutu, yaani dizeli, ya kuendesha grupu la umeme, na kina unga. Muji hauna.

Wanawake walisimama kwenye uzio wakitazama magunia yakishushwa. Hawakuomba. Walitazama tu. Niliona haya. Kisha nikaingia kuwasha mashine ya kupaka kole.


Alhamisi, 7 mwezi wa tatu

Leo nimeiba. Kopo moja la unga, katika mfuko wa vyombo vyangu, chini ya matambara.

Mke wangu Anifa hakuuliza umetoka wapi. Alichemsha maji. Mwanangu Saidi na mdogo wake walikula mpaka wakalamba mwiko. Mimi pia nilikula. Sikusikia aibu yoyote wakati wa kula. Ilikuja baadaye, kidogo.


Jumamosi, 9 mwezi wa tatu

Mama Feza ameniona.

Feza ni jina lake mwenyewe; hukaa upande wa pili wa mashine yangu. Mimi napitisha ngozi za mti, zile mbao nyembamba kama ngozi, kati ya magurudumu ya kole. Yeye anazipokea na kuzipanga tatu tatu, moja ya urefu, moja ya upana, moja ya urefu. Halafu tunazibeba pamoja mpaka kwenye presi. Miaka minne tunafanya hivyo. Mume wake alikwenda Kalima kutafuta mawe ya madini, hakurudi. Anakaa ng'ambo ya mto, Alunguli, na mama yake na binti yake Mwamini wa miaka mitano. Kila asubuhi anavuka kwa pirogi, mtumbwi wa kasia.

Aliniangalia nikifunga mfuko. Nilidhani atapiga kelele. Alisema polepole, "Baba Saidi, na miye niko na watu kwa nyumba."

Nikamwonyesha. Gunia la nyuma kabisa, lililoegemea ukuta, mshono umelegea. Kopo moja, lisizidi. Asubuhi mapema, kabla magazinye Amisi, mtunza ghala, hajafika na kijiti chake cha kuhesabia.

Sasa sisi ni wezi wawili.


Jumanne, 12 mwezi wa tatu

Presi imefanya kazi vizuri. Mazutu safi.

Mama Feza ameleta salamu za mama yake. Bibi anasema ananiombea kila asubuhi. Nilimuuliza kama dua ya unga wa wizi inafika. Alicheka mpaka akaangusha ngozi. Sijamwona akicheka tangu mwaka jana.


Alhamisi, 14 mwezi wa tatu

Mama Feza hayupo. Mtoto ana homa, amesema mpiga kasia wa pirogi yake. Nimepanga na kibarua mwingine asiyejua kazi. Anaweka vidole pasipofaa.


Ijumaa, 15 mwezi wa tatu

Amisi amegundua. Alimwambia patroni kwamba magunia yamelegea matumbo. Patroni aliniita ofisini peke yangu. Anamwogopa komanda kuliko sisi tunavyomwogopa yeye.

Amri yake: unga wote uchanganywe kesho. Ukiwa mkavu hivyo hivyo, na poda ya kole, na dawa ya kugandisha, urudishwe magunini. Tukitaka kole tunatia maji tu. "Mwizi ataiba unga," alisema, "hataiba kole."

Nilimwambia unyevu utaharibu kila kitu katika wiki mbili. Akasema wiki mbili zinatosha.

Hakuniuliza kama mwizi ni mimi. Nadhani alijua.


Jumamosi, 16 mwezi wa tatu

Nimechanganya tangu asubuhi mpaka saa tisa. Kwa sepetu, juu ya turubai. Macho yaliniwasha, pua ikatoka maji. Nyeupe ndani ya nyeupe. Ukimaliza huwezi kutofautisha. Harufu ipo, lakini muhogo wetu nao hulowekwa ukachacha, una harufu yake.

Nilimwomba Amisi rangi nitie alama kwenye magunia. Akasema rangi ilikwisha zamani. Nikaacha.

Patroni aliwaita watu uani akawaambia: kuanzia leo huu si unga, ni kole, atakayeula ajilaumu. Aliwaambia waliokuwepo. Mama Feza hakuwepo.

Nimefikiria kuvuka kwenda kumwambia. Kwenye bandari askari wanauliza kila mtu anakwenda wapi na kwa nani. Nimechoka. Nitamwambia Jumatatu.


Jumapili, 17 mwezi wa tatu

Sikuvuka.

Milio ya bunduki ilisikika upande wa juu wa mto mpaka saa sita, halafu kimya. Ningeweza kusema ni hiyo iliyonizuia. Siyo. Nikienda kwake siku ya mapumziko kumwonya juu ya unga, majirani watajua tulikuwa tunaiba. Njo sababu. Naiandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Tumekula majani ya viazi.


Jumatatu, 18 mwezi wa tatu

Mvua. Nilichelewa kwenye kizuizi cha askari. Nilipofika Mama Feza alikuwa tayari mezani, kitambaa kichwani, anapanga ngozi.

Nilitaka kusema mara ile. Amisi alikuwa amesimama karibu. Halafu mashine ikawashwa, hakuna kusikilizana. Halafu mtu wa komanda akaja kutazama dari zake, akakaa mpaka mchana.

Wakati wa mapumziko alisema homa ya Mwamini imeshuka, mtoto anaulizia chakula. Nikasema, "Vizuri." Alikuwa mbele yangu. Mkono ningeunyosha ungemfikia. Nikasema vizuri, nikaondoka kwenda kuongeza kuni.

Nilijiambia leo hakuweza kuchukua, Amisi alifika mapema. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilitaka kuamini. Jioni alitoka na pirogi ya kwanza. Mimi nilikuwa bado nazima moto wa presi.


Jumanne, 19 mwezi wa tatu

Hakuja. Mpiga kasia anasema kwake kuna kilio.


Jumatano, 20 mwezi wa tatu

Nimevuka. Askari wa bandari aliuliza ninakwenda wapi, nikasema msibani, akaniacha nipite. Ilikuwa rahisi. Ingekuwa rahisi Jumamosi pia.

Mama yake Feza amefariki. Walimzika jana kabla ya jua kuzama. Mwamini amelala juu ya mkeka, midomo imepasuka, anatapika maji. Bado yu hai.

Mama Feza alinieleza bila kulia. Alipika Jumatatu. Bugali ilikuwa inavuta, inakataa mwiko. Mama yake alikuwa na njaa, akala kwanza, akala haraka. Mwamini alikula tonge mbili, akasema chungu. Yeye Feza alikuwa nje anaosha sahani, akitaka wao washibe kwanza. Aliporudi, iliyobaki sufuriani ilikuwa imekauka. Alinionyesha. Niligonga kwa ukucha. Ngumu kama mti. Presi isingefanya vizuri zaidi.

Akaniuliza, "Baba Saidi, ile unga ilikuwa na nini?"

Nikasema, "Walichanganya."

Walichanganya. Mikono ilikuwa yangu.


Alhamisi, 21 mwezi wa tatu

Kazi. Sikumbuki kazi gani.


Ijumaa, 22 mwezi wa tatu

Habari imefika kwa komanda. Askari walivuka asubuhi wakamchukua Mama Feza. Kosa: kuiba chakula cha jeshi. Wamemfungia ndani ya behewa tupu la chuma kule stesheni, pamoja na wengine. Mchana huu jua lilikuwa kali. Mwamini ameachwa kwa jirani.

Patroni ameapa mbele ya askari kwamba alionya watu wote. Amisi akasema kweli, alionya. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Kila mtu alisema kweli na mimi nilinyamaza.


Jumamosi, 23 mwezi wa tatu

Nilipitia stesheni. Ukipita karibu na behewa unasikia watu wanagonga. Si kwa nguvu. Kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua.

Nimemweleza Anifa yote. Hata ya Jumapili. Aliendelea kuchagua mboga ambayo haikuwa na cha kuchaguliwa. Kisha akasema, "Ukienda, watakuua. Usipoenda, sijui nitaishi na mutu gani."


Jumapili, 24 mwezi wa tatu

Naogopa. Sikutoka nyumbani. Hiyo ndiyo siku yote.


Jumanne, 26 mwezi wa tatu

Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto hapana.

Jana nilikwenda kwa komanda. Anakaa katika nyumba yenye dari yetu. Nilitazama juu kwa mazoea. Tripleksi moja ilikuwa imeanza kubonyea. Nikasema, "Mama Feza hakuiba. Njo miye nilimupatia. Miye nilikuwa natoa unga tangu mwanzo."

Alikuwa anakula mchele. Akaniuliza, "Juu ya nini unajisema mwenyewe? Hakuna mutu amekutaja."

Nikasema njo kweli.

Akasema mtu anayejitaja mwenyewe ama ni mwendawazimu ama ana jambo kubwa zaidi anaficha. Aliniangalia kwa muda. Nilidhani ataliona. Akawaita vijana wake.

Walinilaza chini. Sitaandika. Mwisho mmoja wao akasimama juu ya mkono wa kushoto na kiatu chake. Mama Feza alifunguliwa jioni ile ile. Anifa alimwona akipita na watu wawili wakimshika makwapa.


Jumatatu, 1 mwezi wa nne

Patroni ametuma mtu kusema nisirudi. Sawa. Mkono huu haushiki ngozi za mti.

Mama Feza alikuja. Anakwenda na Mwamini kwa miguu, pamoja na watu wanaokimbia, kwa njia ya Punia. Ana mjomba kule Obokote, karibu na Lubutu, analima. Mtoto ameanza kunywa uji wa ndizi, lakini bado anashika tumbo akimeza.

Nilikuwa nimelala kifudifudi, mgongo wazi, Anifa ananipaka dawa. Mama Feza alipiga magoti kando ya mkeka. Akasema, "Mungu akulipe. Ulijitoa juu yangu. Hata ndugu yangu wa tumbo hangefanya vile."

Anifa aliacha kupaka. Alingoja niseme.

Nikasema, "Muende salama."

Nilipokea shukrani yake yote. Nimeandika, basi. Sitaki kuandika tena.


Jumatatu, 2 mwezi wa tisa 2024

Daftari jipya, kalamu ya mjukuu wangu. Daktari wa sukari anataka niandike ninachokula. Nimeanza na chakula nikajikuta naandika na mengine. Asubuhi: chai bila sukari, ndizi ya kuchoma.

Atelye, karakana ya seremala ninakofanya kazi, imepata kazi ya milango ishirini ya shule. Kole siku hizi ni nyeupe, inakuja katika ndoo, haitaki moto. Presi yetu ni ndogo, ya kukaza kwa jeki na parafujo. Bado mimi ndiye ninayeiendesha. Vidole viwili vya kushoto havikunjiki, lakini presi haihitaji vidole, inahitaji subira. Ukifungua mapema, mlango utafunguka siku moja wenyewe.

Miaka yote hii mtaani naitwa yule aliyejitoa. Hadithi imekua. Wapo wanaosema nilimpiga komanda kofi. Nilipokuwa kijana zaidi nilikuwa nasahihisha hilo la kofi. Hilo tu.


Jumanne, 10 mwezi wa tisa

Simu. Sauti ya mwanamke nisiyemjua. "Baba Saidi? Miye Mwamini, binti ya Mama Feza."

Nilikaa juu ya rundo la mbao.

Ni mwalimu Lubutu. Anamleta mama yake hapa Kindu kutazamwa macho. Watafika Alhamisi, watalala kwa rafiki yake wa shule. Mama ametamani miaka mingi kuja kutusalimia. Nikasema karibuni. Nikarudi kwenye presi, nikakaza upande mmoja tu. Mlango umepinda. Wa kwanza mwaka huu.


Ijumaa, 13 mwezi wa tisa

Walikuja. Mama Feza amezeeka vizuri, ila macho yana ukungu. Alinishika uso kwa mikono miwili ili anione. Wameleta jogoo, na mchele wa Obokote, na mafuta ya mawese ndani ya kibuyu. Majirani walijaa uani. Anifa alipika.

Mama Feza alisimama akazungumza mbele ya watu. Alisema habari ya behewa. Alisema mtu huyu alijitaja wakati hakuna aliyemtaja. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa msikitini akasema watu kama hao wamekwisha.

Kisha Mwamini akanionyesha picha ndani ya simu. Mtoto wake wa kwanza, miaka minane, amevaa nguo za shule. "Tulimupa jina yako," akasema. "Njo Shabani."

Nilikula wali wao. Ulikuwa mtamu.


Jumamosi, 14 mwezi wa tisa

Anifa peke yake ndiye anayejua. Leo asubuhi alisema niache. Ni miaka ishirini na zaidi, yule mama ni mgonjwa wa macho, ana furaha yake, kwa nini nimnyang'anye. Akasema, "Ulikwisha kulipa. Walikupiga."

Nimefikiria hilo mchana kutwa nikipaka kole. Si kweli. Fimbo zilikuwa za wizi. Kosa la pili, la kunyamaza, halijapigwa.

Zaidi ya hayo, kuna mtoto Lubutu anaitwa jina langu kwa jambo ambalo silo.


Jumapili, 15 mwezi wa tisa

Nilikwenda baada ya wao kutoka kanisani. Mama Feza alikuwa kivulini nyuma ya nyumba, Mwamini anamsuka. Nilikataa kiti, halafu nikakaa.

Nikasema mambo kwa mpangilio, kama ninavyoyaandika. Patroni alinipa amri Ijumaa. Nilichanganya Jumamosi, mimi mwenyewe, kwa sepetu. Nilijua unachukua katika lile gunia, mimi nilikuonyesha. Jumapili nilikaa nyumbani. Jumatatu ulikuwa mbele yangu siku nzima. Sikusema, kwa kuogopa watu kujua nimeiba.

Mwamini aliacha kusuka. Nusu ya kichwa cha mama yake imesukwa, nusu imesimama.

Mama Feza akauliza, "Siku ngapi ulijua?"

Nikasema, "Tatu."

"Tatu." Alihesabu kwa vidole juu ya goti, kama kwamba angetaka kupata namba nyingine. "Na kwa komanda ulienda juu ya nini?"

"Sikuweza kuvumilia kusikia munagonga ndani ya behewa."

"Si juu yangu."

"Juu yako pia. Lakini kwanza juu yangu."

Jirani mmoja alipita akasalimu, akatuona, akaendelea. Kisha Mama Feza akasema, "Mama yangu alikuwa anakuombea kila siku. Jina yake unaijua?"

Nilitafuta. Nimeandika kuhusu yeye, nimemwota, nimevuka mto kwa msiba wake. Siku zote alikuwa mama yake Feza. Nikasema hapana.

"Enda kwako, Baba Saidi."

Nikaondoka. Nilitegemea kujisikia mwepesi. Watu husema hivyo. Nilijisikia mzee tu.


Jumatatu, 16 mwezi wa tisa

Milango mitatu. Yote imenyooka.


Alhamisi, 19 mwezi wa tisa

Mwamini alikuja atelye peke yake wakati wa mapumziko. Wenzangu walimsalimu kwa heshima, wakimjua kama binti wa ile hadithi. Alisimama upande wa pili wa presi, pale wanapokaa wanaopanga mbao.

Alisema mama yake hajanitaja tangu Jumapili. Anakula, anakwenda kwa daktari, hasemi. Alisema yeye mwenyewe anakumbuka kidogo sana: ladha chungu, na bibi akimwambia ameze, chakula hakitupwi. Mpaka leo hali bugali. Watu wanadhani anaringa.

Nikasema nisamehe. Akasema hilo ni kati yangu na mama yake, yeye hajui bado la kufanya nalo.

Kisha akasema, akinitazama machoni, kwa sauti ya mwalimu, "Mutoto ataendelea kuitwa Shabani. Babu ya bwana yangu naye alikuwa Shabani. Kuanzia sasa njo jina ya ule babu."

Nikasema ni haki.

Iliniuma kuliko kiatu cha yule askari. Lakini ni haki.


Ijumaa, 20 mwezi wa tisa

Nimewaambia watu wa atelye. Wakati wa chai, kwa maneno machache. Mmoja akasema vita ilikuwa vita. Mwingine akaenda kumalizia chai yake nje. Kesho mtaa mzima utajua. Anifa amekasirika, halafu jioni akaniwekea maji ya kuoga kama kawaida.


Jumapili, 22 mwezi wa tisa

Asubuhi mtu alileta ujumbe: Mama Feza anavuka Alunguli, nikitaka nije.

Nikavuka. Alikuwa ameshatangulia na Mwamini. Makaburi ya wakati ule hayana alama, lakini alikwenda moja kwa moja, na macho yale yale yenye ukungu, akahesabu hatua kutoka kwenye kona ya uzio wa kanisa. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Mwamini alikuwa na panga moja, akafyeka ya juu, kisha akaenda kukaa kwenye jiwe.

Mama Feza aliinama akaanza kung'oa upande mmoja. Mimi nikaanza upande mwingine. Mkono wangu wa kushoto hauvuti, nikatumia kulia. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Udongo wa pale ni mwekundu, laini, mizizi inatoka yote. Mara mbili mikono yetu ilifika kwenye shina moja. Mara ya kwanza aliacha yeye, mara ya pili niliacha mimi.

Tulipomaliza palionekana mahali pa mtu mmoja, padogo kuliko nilivyodhani.

Akajifuta mikono kwa kitenge. Akasema, bila kunitazama, "Salima. Salima binti Yuma."

Nikalirudia.

Akaitikia kwa kichwa, akamshika Mwamini bega, wakashuka kwenda mtoni. Kesho wanapanda gari ya Lubutu. Pirogi ilikuwa na nafasi ya watu watatu. Walipanda wao wawili, mpiga kasia akaniangalia. Nikamwonyesha kwa mkono aende.

Nilikaa ufukweni kungoja nyingine. Maji yamepungua, mchanga umeanza kuonekana katikati. Upande wa pili waliteremka, Mwamini akamwongoza mama yake kati ya mabunda ya mihogo mpaka juu barabarani.

Chakula cha leo: samaki mbichi wa kuchemsha, mboga, ndizi mbili.